Mwanzi Hauna Kurudi

Mapenzi yana wazimu wake, na wazimu wa Kidole ulikuwa umelala juu ya piano, ndani ya mfuko wa kitambaa cha bluu, ukimsubiri mwenyewe arudi safari. Tangu asubuhi alikuwa akiuhamisha. Aliuweka kitandani, akauondoa. Akaupandisha juu ya kabati, akaona kama anauficha, na mtu anayeficha kitu ameshajihukumu. Mwishowe akaurudisha pale pale juu ya piano, akaketi kwenye kigoda chake na kuanza kujitafuna midomo.

Jina la Kidole alipewa na wanafunzi wake, maana hakuna meza aliyoipita bila kuipigapiga. Alifundisha piano katika chumba alichopanga nyuma ya duka la vioo, chumba ambacho piano ilikula nusu, kitanda kikala robo, na yeye mwenyewe akajibana kwenye kilichobaki. Ndani ya mfuko ule wa bluu mlikuwa na filimbi ya mwanzi, ndefu kama mkono wa mtu mzima. Iliachwa na baba wa mwanamume ambaye Kidole alimpenda kuliko alivyowahi kumpenda mtu. Kidole ndiye aliyembandika mwanamume huyo jina la Pumzi, siku ya kwanza walipokutana, kwa sababu alipuliza nota moja hadi Kidole, aliyekuwa anasikiliza tu, akaishiwa hewa. Jina likakaa. Hata shangazi yake Pumzi siku hizi alimwita hivyo kwa kumtania.

Kwa mwaka na ushei wawili hao walikuwa wanatunga muziki mmoja wa filimbi na piano. Pumzi alilelewa kwenye raga za Kihindustani, tuni za jadi za Kihindi, alizofundishwa na baba yake kinywa kwa kinywa, bila karatasi. Kidole alikuzwa na muziki wa Kimagharibi, wa kusoma mstari kwa mstari na kuhesabu. Kwa Pumzi, raga ni nyumba yenye milango yake: nota hii unaiingilia ukiwa unapanda, ile unaipitia ukishuka tu, na ukikosea mlango umevunja nyumba ya watu. Kwa Kidole, nota hukaa tatu tatu, nne nne, zikashikana mikono na kuhama pamoja. Miezi ya mwanzo waligombana kiasi kwamba mwenye duka la vioo aliwauliza kama wameshaoana.

Kisha wakaipata njia. Piano ikaacha kuhamahama, ikashika nota mbili za chini bila kuzibandua, zikawa sakafu. Filimbi ikatembea juu yake kwa uhuru, ikiteleza kutoka nota hadi nota kama inavyotaka raga. Ni karibu na mwisho tu ndipo sakafu ile ilipoanza kusogea, polepole mno, na filimbi ikabaki ndani ya milango yake bila kuyumba. Siku walipoipiga hivyo kwa mara ya kwanza, Pumzi aliweka filimbi chini, akamshika mkono, na Kidole akajua kwamba ataolewa na mtu huyu au hataolewa kabisa.

Kulikuwa na dosari moja, nayo ilikuwa ndogo kama unywele. Sauti ya filimbi ya marehemu baba ilikuwa chini kidogo ya sauti ya piano. Ukizisikiliza kila moja peke yake, hakuna kasoro. Ukizipiga pamoja, sauti zilisuguana na meno yakaingia ganzi. Fundi wa piano alikataa katakata kuishusha piano yote. Nyaya ni kuukuu, alisema, na isitoshe ile piano ya ukumbini, watakapopigia mbele ya watu, haitashushwa kwa ajili yao. Basi Pumzi akanunua filimbi mpya iliyolingana. Ikalingana kweli, na ikawa haina uzito, kama chai iliyochujwa mara ya pili. Pumzi aliizoea. Kidole hakuizoea. Kila wakiipiga, masikio yake yaliitafuta ile nyingine, na kila alipoitaja Pumzi alicheka na kumwambia, “Ile ni ya nyumbani, Kidole. Ile ina kazi yake.”

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Tangu baba yake azikwe, Pumzi alipiga raga ya alfajiri kila siku kabla ya chai, na mama yake alikaa kwenye kiti karibu na jiko akimsikiliza. Raga ile huanza na nota ya chini kabisa, vidole vyote vimeziba matundu yote, na baba yake alikuwa na desturi ya kuishikilia mpaka birika lianze kuimba. Mama huyo macho yalikuwa yameingia ukungu na daktari alikuwa anasubiri ukungu huo ukomae ili ayafanyie upasuaji. Masikio ndiyo yaliyokuwa macho yake.

Sasa sikiliza alichofanya Kidole. Pumzi alipoitwa kwenda mji mwingine kupiga kwenye harusi ya wiki nzima, mji wa hewa kavu inayopasua mianzi, alimwachia filimbi ile aitunze, aipake mafuta kila jioni. Alimwachia mikononi, akamfunika vidole juu ya mfuko, akasema hajawahi kumwachia mtu. Kidole aliipaka mafuta jioni mbili. Siku ya tatu akaibeba hadi kwa fundi filimbi, kwenye karakana yake ng'ambo ya soko la mbao, akamwomba aipandishe ilingane na piano.

Fundi yule aliigeuzageuza filimbi muda mrefu. Akauliza, mwenyewe amekubali? Kidole akajibu kwamba mwenyewe ni mume wake. Hakuwa mume wake bado, na alikuwa hajui lolote. Fundi akamwambia kwamba kuipandisha filimbi ni kuifupisha na kuyapanua matundu, na kwamba mwanzi hauna kurudi, akishakata amekata. Kidole akasema akate. Fundi akapasha moto msumari mnene, akachoma kingo za matundu moja baada ya jingine, moshi mwembamba ukapanda, kisha akachukua msumeno mdogo na kuondoa kipande cha mwishoni, chembamba kama ukucha. Kile kipande kilidondoka kwenye vumbi la mbao na hakuna aliyekiokota.

Kidole alitoka pale anaelea. Moyoni alikuwa ameshamwona Pumzi akiupuliza ule mwanzi mbele ya watu, sauti ya baba yake na piano ya mkewe zikiwa kitu kimoja, akimtazama kwa macho ya mtu aliyepewa zawadi ambayo hakuthubutu kuiomba. Kitu kimoja tu alikisukumia kando. Fundi alipoijaribu ile nota ya chini kabisa, ilitoka nyembamba. Kidole alijiambia ni midomo ya fundi.

Leo asubuhi, alipokuwa anaipaka mafuta kwa mara ya mwisho, alipitisha kidole kwenye tundu la tatu, na ndipo akili ikamrudia. Matundu yale yalikuwa na mabonde. Kwenye ukingo wa kila tundu vidole vya mzee vilikuwa vimeula ule mwanzi, kwa miaka yote ile ya kupuliza, na vya Pumzi vikalala humo humo. Sasa kingo zilikuwa kali na nyeusi, kama za jana. Mabonde hayakuwepo.

Alimpigia Pumzi simu, naye Pumzi bado yuko kwenye basi la kurudi. Alimwomba aje peke yake kwanza, kuna jambo. Pumzi akacheka, furaha imemjaa hadi sauti ikakwaruza. Alisema haiwezekani, ameshaongea na mama, mama ameshavaa, shangazi ameshamfunga mama kilemba, na wote watakutana naye kituoni. “Amesema anataka kuusikia huo muziki wetu,” alisema. “Kidole, unanielewa? Amesema mwenyewe. Mimi sikumwomba.”

Kidole alimwelewa, na ndiyo maana alishindwa kusema. Mama huyo alikuwa amemkataa tangu siku ya kwanza. Hakumtukana hata mara moja. Alimkarimu, akamwita “mwalimu”, na akakataa. Alimwambia Pumzi mbele yake kwamba yeye hana ugomvi na binti, ugomvi wake ni na lile kabati. “Piano ni kubwa,” alisema, “inakaa mahali pake, na wengine wote wanaizunguka. Sijaona piano ikimfuata mtu.” Kwa upande wa Kidole nako hakukuwa shwari. Baba yake aliuliza mwanamume anayeishi kwa pumzi siku akipata mafua watakula nini. Lakini mama yake Kidole alikuwa anamlainisha mumewe, bandubandu, na gogo lilikuwa limeanza kuisha.

Mlango ukagongwa.

Waliingia watatu kwa mpigo: Pumzi na begi lake la safari, mama yake akiwa amemshika mkono, na shangazi, dada wa marehemu, mwanamke wa maneno ambaye alianza kuongea akiwa bado nje. Alikisifu chumba, akamsifu Kidole kwa kukonda, akauliza kama kitanda kile kinatosha watu wawili au wataning'inia kama popo. Kidole aliwaamkia wote wawili kwa adabu, akawakalisha, akamimina chai. Mikono ilimtetemeka na chai ikamwagika kwenye kisosi. Shangazi aliona, akasema mchumba asiyetetemeka mbele ya mama mkwe huyo ana lake jambo.

Pumzi alikuwa anamtazama. Alikuwa amechoka, ndevu zimechomoza, na macho yake yalikuwa yanamwambia Kidole mambo ambayo hayasemwi mbele ya wazazi. Kidole alijaribu kumkonyeza watoke nje. Pumzi akaona ni mahaba, akatabasamu na kuinamisha kichwa.

“Nimekukumbuka,” alimnong'oneza alipopita kuchukua kiti.

“Pumzi, naomba tuongee kidogo. Hapo nje tu.”

“Tutaongea mpaka utanichoka. Wacha mama asikie kwanza, asije akaghairi.”

Akafungua begi na kutoa filimbi mpya, akaiweka magotini. Kidole akashusha pumzi. Kama angepiga mpya, angepata jioni nzima ya kumwambia, taratibu, wakiwa wawili. Lakini mtu aliyekaa mbali na kitu chake wiki nzima hawezi kukipita hivi hivi. Pumzi alinyoosha mkono juu ya piano, akautwaa mfuko wa bluu, akafungua kamba zake kwa ajili tu ya kuisalimia.

Vidole vyake vililala juu ya matundu kama vilivyozoea. Vikakaa hapo kidogo. Kisha kimoja kikaanza kusogea, kikazunguka ukingo wa tundu, kikarudi, kikazunguka tena. Akapitisha kiganja hadi mwisho wa mwanzi na kukiacha pale, palipokatwa. Akainua uso akamtazama Kidole, na Kidole hakukwepa macho yake.

“Mmeanza kuangaliana tena,” shangazi alisema. “Sisi wazee tutaondoka giza likiingia, tuambieni mapema kama muziki wenyewe ni huo.”

“Tunaanza, shangazi,” Pumzi alisema.

Filimbi mpya ilikuwa magotini pake. Aliichukua, akairudisha ndani ya begi, akafunga zipu. Akainua ya baba yake mdomoni. Mama yake alikuwa ameegemeza kichwa ukutani, amefumba macho yale yenye ukungu, anasubiri. Kidole aligeukia piano kwa sababu hakuwa na pengine pa kugeukia, akaziweka zile nota mbili za chini, sakafu yao, na filimbi ikaingia.

Ililingana. Hilo ndilo lililomvunja moyo Kidole kuliko yote, kwamba ililingana mno. Hakukuwa na msuguano wowote. Sauti ya mwanzi ilipanda juu ya piano na kukaa hapo kama iliyozaliwa hapo, na chumba kile chembamba kikajaa hadi shangazi akanyamaza, jambo ambalo halikuwa dogo. Pumzi alipiga kama hajawahi kupiga. Alipofika pale ambapo filimbi hushuka hadi nota ya mwisho, ile ya vidole vyote, aliikwepa. Aliruka juu, akaipiga nota hiyo hiyo kwenye sauti ya juu, kwa ustadi ambao asiyejua angeudhani ni mapambo. Kidole alijua. Akamfuata, akaisogeza sakafu polepole kama walivyopanga, machozi yanamchuruzika hadi kidevuni na hana mkono wa kuyafuta. Walimaliza pamoja, wakaacha sauti zife zenyewe.

Mama alikuwa analia. Alilia bila aibu, akijifuta kwa ncha ya kilemba, na alipopata sauti alimwita Kidole aje karibu. Kidole akapiga magoti mbele yake. Mama akampapasa uso kwa viganja, akaugusa ule unyevunyevu, akacheka kidogo.

“Na wewe unalia. Basi tuko sawa,” alisema. “Mwanangu, nilikuwa nakuogopa. Nilidhani utamfanya mwanangu aibebe ile ya baba yake aje aipambanishe na hili kabati lako, mpaka moja ishindwe. Kumbe mmetafuta mpya inayoelewana nalo. Ni nzuri hii mpya. Ina adabu.” Akamgeukia Pumzi, au upande alikomsikia. “Ya baba yako ibaki nyumbani, iwe ya alfajiri. Ya kazi ni hii. Kila kitu na mahali pake. Si ndiyo?”

Pumzi alifunika ncha iliyokatwa kwa kiganja.

“Ndiyo, mama,” Pumzi alisema.

Kuanzia hapo shangazi alipata alichokuwa anakitafuta. Alitangaza kwamba Jumapili watakuja kwa wazazi wa binti na posa, na asiyetaka aseme sasa hivi. Hakuna aliyesema. Alimshika mama mkono, akamwongoza nje wakasubiri teksi, akisema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima kwamba watoto waachwe waagane, hata wao wazee walikuwa watoto zamani.

Mlango ulipofungwa, Pumzi alibaki amesimama katikati ya chumba, filimbi mkononi. Alikuwa anaitazama ncha yake.

“Nani kaikata?” aliuliza.

Kidole akamwambia. Alimwambia yote, karakana, msumari wa moto, na uongo alioutamka kwamba ni mume wake. Hakujitetea mpaka alipofika mwisho, na alipojitetea alisikia mwenyewe jinsi maneno yalivyokuwa mepesi.

“Nilitaka uipige mbele ya watu. Hiyo, si ile ya dukani. Nilitaka baba yako awemo.”

“Najua ulichotaka.” Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. “Na umekipata. Hatujawahi kulingana vile. Nilikuwa napiga na huku nasema, Mungu wangu, ndiyo hii tuliyokuwa tunaitafuta.”

“Pumzi.”

“Ungeniuliza, ningekataa.”

“Ndiyo maana sikukuuliza.”

Lilimtoka kabla hajalipima. Likabaki pale katikati yao, na wote wawili walijua kwamba ndilo neno la kweli kuliko yote yaliyosemwa siku hiyo. Pumzi alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali hesabu. Alisema mama yake alikuwa sahihi kuhusu piano na akakosea kidogo tu, maana alidhani ni ile ya mbao, kumbe ni mwenye kuipiga.

Kidole alimshika mkono. Hakuutoa, ila haukumjibu pia. Ulikuwa mkono tu.

“Kesho alfajiri utampigia nini?”

“Sijui.”

“Utamwambia?”

“Leo mama kakuita mwanangu. Kakaa miaka hii yote hajamwita mtu hivyo isipokuwa mimi. Sina mdomo wa kumwambia. Nitasema ilidondoka safarini ikapasuka, nikaitupa. Kosa litakuwa langu. Ataninunia, itaisha.”

“Na sisi je?”

Honi ya teksi ikalia nje, na shangazi akasikika akimfokea dereva kwa haraka zake.

“Jumapili ni yako,” Pumzi alisema. “Ukitaka tuje, tutakuja. Nitavaa vizuri, nitacheka na baba yako, atanitania kuhusu mafua. Tutaoana, Kidole. Sitakusimanga hata siku moja, wala mtu hatajua.”

“Na utanipenda?”

“Nakupenda sasa hivi. Hapo ndipo penye shida.” Aliirudisha filimbi ndani ya mfuko na kuzifunga kamba. “Ila sitakuachia tena kitu mkononi. Nimejaribu hapa nilipokuwa napiga, nikajiuliza kama naweza. Siwezi.”

Akainama, akambusu kwenye paji la uso, akabeba begi lake na mfuko wa bluu, akatoka. Kidole alimsikia akicheka na shangazi barabarani, kicheko kizima, cha mtu asiye na tatizo. Kicheko hicho kilimtisha Kidole. Aliona miaka mbele yake ikiwa imejaa kicheko hicho, mezani, kitandani, mbele ya watoto wao, na yeye akiwa ndiye mtu pekee anayejua kilichomo ndani.

Jua lilipoanza kuzama mama mzazi wa Kidole alipiga simu. Habari zilikuwa zimeshafika. Shangazi hana dogo. Mama yake alisema baba ametoa viti vyote nje na anavisugua kwa mkono wake mwenyewe, na ameuliza wageni wanakaa upande gani, na kwamba amesema mtoto wa watu anaweza kupuliza chochote anachotaka ilimradi amtunze binti yake. Alikuwa anacheka na kulia. Kidole alisema ndiyo, mama, nimesikia, mama, na alipokata simu alikaa nayo kiganjani.

Angeweza kunyamaza. Alichotakiwa kufanya ni kutofanya kitu, na Jumapili ingekuja yenyewe, na angempata. Alimtaka. Alimtaka hata kwa bei ile. Alisimama, akakaa, akapigapiga kifuniko cha piano kwa vidole, kisha akajikaza kisabuni na kuitafuta namba ya mama yake Pumzi kabla ujasiri haujamtoroka.

Mama aliipokea kwa furaha. Ndiyo kwanza tumefika, alisema, shangazi yako bado anaongea.

“Mama,” Kidole alisema. “Filimbi uliyoisikia leo haikuwa mpya.”

“Haikuwa mpya?”

“Ilikuwa ya marehemu baba. Niliipeleka kwa fundi, akaikata ili ilingane na piano yangu. Mwenyewe nilimficha. Aliijua pale pale, mbele yako, akaipiga hivyo hivyo. Ukisikia imepasukia safarini, si kweli. Ni mimi.”

Kidole alisikia maji yakidondoka kwenye bomba la nyumba ile. Mama hakumuuliza kwa nini. Aliuliza swali moja.

“Mimi nimeisikia, na sikuijua?”

“Ililingana sana, mama.”

Simu ikawekwa mezani. Haikukatwa. Kidole akasikia kiti kikiburutwa, mama akimwita mwanawe, nyayo, maneno ya chini yasiyosikika. Shangazi akauliza kuna nini na hakujibiwa. Halafu pumzi ya mtu anayejiandaa, na nota ya chini kabisa, ile ya alfajiri, ikatoka kwenye mwanzi uliokatwa. Ilitoka nyembamba, ikatetemeka, ikakatika.

“Tena,” mama alisema.

Ikatoka tena, ikakatika pale pale.

“Tena, mwanangu.”

Safari ya tatu haikutoka kabisa. Kilichosikika ni kilio cha mwanamume mzima, cha chini, kilichokuwa kimebanwa tangu mchana. Kidole alikuwa amejishika mdomo kwa mkono wote.

“Basi, baba,” mama alikuwa anasema, mbali na simu. “Basi. Iweke chini. Basi.”

Ilipita muda kabla simu haijainuliwa.

“Bado upo?”

“Nipo, mama.”

“Umefanya vizuri kuniambia. Si wengi wangeniambia.” Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa imechoka tu. “Mpigie mama yako sasa hivi, kabla hawajahangaika zaidi. Mwambie wasitusubiri Jumapili.”

Kidole akasema amesikia, akamtakia usiku mwema kama anavyotakiwa mtu mzima, na akasubiri mama akate yeye kwanza.